Sinandevu, Ua Linaloishi Mizizini

Majina ya kisayansi ya mimea kwa kawaida ni Kilatini au Kigiriki. Lakini mwaka 2002, wataalamu wa mimea Henk Beentje na Quentin Luke walipoeleza kisayansi ua moja la nyika za Kenya na Tanzania, waliliita Hydnora sinandevu. Lisome polepole: sina ndevu. Ndugu yake wa Afrika Kusini, Hydnora africana, ana vinywele vigumu kwenye kingo za ua. Huyu wetu hana.

Mkulima wa mahindi au mtama anakijua kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, na hasara yake. Sinandevu naye ni kimelea, ila hana ugomvi na shamba lako. Hutegemea mizizi ya miti ya porini ya jamii moja na manemane, yenye utomvu wa kunukia. Hana jani hata moja, wala rangi ya kijani ya kujitengenezea chakula. Mwili wake ni shina nene lenye vinundu, linalotambaa chini ya udongo hadi kuupata mzizi, likajishikiza na kunyonya maji na chakula.

Kinachoonekana juu ni ua tu. Ardhi hupasuka, kikajitokeza kitu kinene cha nyama nyama, chenye rangi ya udongo wenyewe. Wengi hudhani ni uyoga, na si ajabu: Thunberg, mtaalamu wa mimea wa Sweden aliyemweleza yule ndugu wa kusini mwaka 1775, naye alidhani ni kuvu.

Maua ya jamii hii hunuka kama nyama iliyooza. Mbawakawa hufuata harufu hiyo, wakatumbukia ndani na kushindwa kutoka. Wakiwa humo huacha chavua waliyokuja nayo. Baadaye ua hutoa chavua yake, wakatoka wamejipaka. Tunda hukomaa udongoni, limejaa mbegu ndogo mno.

Chakula chake chote hutoka kwenye mizizi ya ile miti ya jamii ya manemane, kwa hiyo anayeifyeka ameua na ua, hata kama hajawahi kuliona. Naumia kila nikiliwaza hilo.

Ukilikuta, tafadhali usilichimbe. Weka sarafu pembeni lipimike kwa macho, piga picha ya ua na ya mti ulio karibu, andika mahali na tarehe, kisha wapelekee wataalamu wa hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), Nairobi au Arusha. Usingoje wiki ijayo. Ua likishaoza, juu ya ardhi hubaki udongo mtupu.