Simulesheni imepita, mashine imegonga: kosa liko wapi?

Mafundi wa ateliye zinazohudumia migodi, hapa Lubumbashi na kule Likasi na Kolwezi, huuliza swali hili mara kwa mara: simulesheni ya mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) haikuonyesha mgongano wowote, kwa nini kisu kimeingia kwenye mandreni, yaani taya zinazoshika kipande? Mimi huuliza kwanza: simulesheni gani?

Programu nyingi za CAM (za kupanga njia ya kisu kwenye kompyuta) huonyesha njia hiyo kama ilivyo ndani ya CAM yenyewe, kabla posti, yaani programu inayoigeuza kuwa msimbo wa mashine, haijaigusa. Kosa lililozaliwa ndani ya posti halitaonekana hapo hata ukitazama siku nzima. Programu za simulesheni kama VERICUT na NCSIMUL ziko upande wa pili wa posti: zinasoma msimbo wa G (amri za mashine) mstari kwa mstari, kama kontrola, yaani kompyuta ya mashine, inavyosoma. Hata hivyo zinafuata kontrola uliyozielezea wewe. Ukizipa parameta za mashine nyingine, zitakupa jibu sahihi kabisa la mashine nyingine.

Kwa hiyo nachagua nukta moja, tuseme mdomo wa shimo lenye shida, na kuifuata sehemu tatu: kwenye faili la CL (njia ya kisu kabla ya posti) linalotoka CAM, kwenye msimbo wa G, halafu kwenye skrini ya kontrola, mashine ikiwa imesimama pale. Namba ikiwa sawa kwenye CL na mbovu kwenye msimbo, fungua posti. Ikiwa sawa kwenye msimbo lakini kisu kimekwenda pengine, iache posti kama ilivyo. Shida iko kwenye parameta, ofseti (kipimo cha kisu kilichoandikwa kwenye kontrola) au sifuri ya kipande. Naona watu wengi wakirekebisha posti ili kufunika ofseti mbaya, na kuanzia siku hiyo posti ile haiaminiki tena kwa kazi nyingine yoyote.

Kwenye Fusion, programu ya CAM ya Autodesk, posti ni faili la JavaScript lenye mkia wa .cps. Ongeza setWriteStack(true) na setWriteInvocations(true), nayo itakuandikia ni sehemu gani ya posti iliyotoa kila mstari. Posti ya dump.cps nayo hutoa data yote ambayo CAM imeipa posti, bila kuibadilisha. Anza na hizo mbili kabla ya kubahatisha.

Upande wa kontrola za Fanuc, chanzo cha kwanza ninachokagua ni mfumo wa misimbo. Kontrola za kukereza zina mfumo A, B na C, na parameta 3401 ndiyo inayochagua. Katika B, G94 ni mwendo kwa dakika na G90 ni vipimo kamili. Katika A, G94 ni mzunguko mzima (mfululizo wa miendo kwa amri moja) wa kukereza uso wa kipande, na G90 ni mzunguko wa kukereza kwa urefu. Posti ya B kwenye mashine ya A haitoi alamu kila mara. Wakati mwingine mashine inafanya tu kazi ambayo hakuna aliyeiomba. Amri ya kikomo cha kasi ya spindeli, yaani mhimili unaozungusha kipande, pia hubadilika: A inatumia G50 S2000, B inatumia G92 S2000. Na katika A, G92 ni mzunguko wa kukata nyuzi, kwa hiyo kikomo hakikuwekwa. Fanya hesabu uone hatari yake. Kwa G96 S180 (kasi ya kukata isiyobadilika, mita 180 kwa dakika), kwenye kipenyo cha 80 mm spindeli inazunguka karibu mara 716 kwa dakika. Kisu kikikaribia katikati, kwenye kipenyo cha 4 mm, kontrola inadai mara 14,324. Shafti ndefu iliyoshikwa upande mmoja haivumilii hata theluthi yake.

Mwendo wa kisu una mtego wake. Katika mfumo A, G99 ni milimita kwa mzunguko na G98 ni milimita kwa dakika. Posti ikisahau kuandika G98 inapohamia kufrezi (kukata kwa kisu kinachozunguka), spindeli kubwa imeshageuka kuwa mhimili C, wa kugeuza kipande kwa pembe tu, na haizunguki tena, basi mashine inasimama kimya bila alamu, na fundi anadhani kontrola imekufa. Kinyume chake, G98 ikibaki wakati wa kukereza, F0.25 inakuwa robo ya milimita kwa dakika. Dawa yake ni kuilazimisha posti iandike G98 au G99 mwanzoni mwa kila operesheni, hata kama inaonekana ni marudio.

Sasa kufrezi uso wa kipande kwa X na C kupitia G12.1, amri inayoifanya kontrola ichukulie X na C kama mihimili miwili iliyonyooka. Hapa X inabaki kwenye kipenyo, lakini C haiandikwi tena kwa digrii: ni milimita, na ni nusu kipenyo. Kona ya mraba wa 20 mm ulio katikati ni X20. C10., halafu X20. C-10., X-20. C-10., X-20. C10. Chonga mraba huo kwenye alumini na uupime. Ukipata 10 kwa 20, posti haikuzidisha X kwa mbili. Ukipata 20 kwa 40, imezidisha vyote viwili. Usijaribu kwa duara ukidhani ni rahisi zaidi, maana duara lenye kosa hilo hutoka kama yai na vipimo vyake vinakuchanganya. Hakikisha pia hakuna G0 (mwendo wa kasi) ndani ya G12.1, kwani Fanuc inaikataa, na kwamba G40 (kufuta fidia ya nusu kipenyo cha kisu) imetangulia kabla ya kuingia.

Nukta ya desimali inahitaji jicho la pekee kwetu, kwa sababu kompyuta nyingi za hapa zimewekwa kwa Kifaransa. Excel ya Kifaransa huhifadhi orodha ya visu ikiwa na mkato badala ya nukta, na nuktamkato kati ya safu. Ukiiingiza orodha hiyo kwenye maktaba ya visu, frezi ya 12,5 inaweza kuingia kama 12 au kama 125, na simulesheni itatumia umbo hilo bila kulalamika. Kwenye Fanuc nyingi, namba isiyo na nukta husomwa kwa sehemu za elfu: X100 ni 0.1 mm, C90 ni 0.09 ya digrii. Bonyeza Ctrl+F, tafuta mkato kwenye faili lote. Mkato halali pale ni hasa ule wa ,C na ,R kwa chamfa (kona iliyokatwa mshazari) na kona za mviringo.

Mhimili B, unaoinamisha spindeli ya kisu, unaleta makosa madogo yanayoharibu vipande ghali. Umbali kutoka katikati ya mzunguko wa B hadi uso wa spindeli ya kisu lazima uwe umeandikwa mahali pamoja tu. Kama kontrola inautumia yenyewe, kwa G43.4 (kufuata ncha ya kisu) au G68.2 (ubapa ulioinamishwa), posti isiuguse. Vyote viwili vikiuhesabu, kisu kinaruka mamia ya milimita, na hilo angalau linaonekana mapema. Kosa la 0.1 mm ndilo baya zaidi: kwa kisu kilichopimwa nje ya mashine, B ikiwa 45 linagawanyika kuwa 0.07 kwenye Z na 0.07 kwenye X, yaani 0.14 kwenye kipenyo. Simulesheni yenye mfano wa kipande uliokatwa kwa usahihi wa nusu milimita haitaliona. Likionekana kwenye B moja na kutoweka kwenye B nyingine, usibadilishe ofseti ya kisu. Pima upya umbali huo.

Mwendo wa kasi wa G0 nao unadanganya macho. Kwenye Fanuc, biti LRP ya parameta 1401 ikiwa 0, G0 haiendi kwa mstari ulionyooka. Kila mhimili unakimbia kwa kasi yake hadi ufike. Chukua kisu kinachotoka X300 Z100 kwenda X60 Z-50, mihimili yote ikiwa na kasi moja, na flanji ya kipenyo cha 100 ikianzia Z0 hadi Z-20. Kwa mstari ulionyooka, kisu kinapita kona ya nyuma ya flanji kikiwa kwenye X108, salama. Kwa mwendo halisi, kinafika X100 kikiwa Z0 kamili, kisha kinaingia ndani ya flanji kwa kasi yote. Simulesheni iliyowekwa LRP 1 itasema hakuna neno. Soma parameta hiyo kwenye mashine yako, kisha uiandike kwenye faili la kontrola la simulesheni. Mimi bado ningetenganisha X na Z kwenye posti, kwani sekunde zinazopotea ni chache.

Tareti mbili (vichwa vinavyobeba visu) zikifanya kazi pamoja, tegemea alama za kusubiriana kama M100 P12, usitegemee saa ya simulesheni. Mashine halisi huchelewa kubadilisha kisu, kufungua taya, kufunga spindeli, na muda huo simulesheni huukisia tu. Kila mahali ambapo tareti zinagombea nafasi pawe na alama kwenye chaneli zote mbili, yaani programu ya kila tareti. Ikikosekana kwenye moja, nyingine itasubiri milele.

Kipande kikihamia spindeli ya pili, mwelekeo wa C hugeuka. Shimo la digrii 30 hutokea kwenye -30. Kipande cha majaribio chenye mashimo sawa pande zote hakitakufichulia hilo, kwa hiyo weka shimo moja tu, nje ya katikati.

Baada ya kila badiliko kwenye posti, toa tena msimbo wa kazi za zamani zilizokwisha kuthibitishwa na uulinganishe na ule wa awali kwa WinMerge. Mstari uliobadilika bila kutarajiwa ni kosa jipya. Posti iandike toleo lake na tarehe kwenye kichwa cha programu, ili fundi aliye mashineni ajue anaendesha nini.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, kontrola husahau ubapa ulioinamishwa lakini B inabaki ilipo, kisu kikiwa ndani ya shimo. Ukivuta X peke yake utakivunja. Kama kontrola ina gurudumu la mkono linalofuata mwelekeo wa kisu, tumia hilo. Kama haina, na B iko 45, kutoka 30 mm kunahitaji 21.213 kwa kila mhimili, na U, yaani hatua ya X kutoka ilipo, inahesabiwa kwa kipenyo (W ni hatua ya Z): G98 G1 U42.426 W21.213 F200. Kabla ya kubonyeza kitufe, hakikisha alama (+ au -) ya U na ya W zote zinaelekea nje ya shimo, na uendeshe mstari huo kwa asilimia ndogo kabisa ya mwendo.