Herufi za Meroe tunazisoma, maneno hatuyajui

Nilipokuwa na miaka minane niliweza kusoma Juzuu Amma ya Qurani yote kwa sauti, shada na mada mahali pake, na maana ya ninachokisoma sikuijua. Waliopita chuo cha Qurani utotoni wananielewa. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapoulizwa maandishi ya Meroe yamefumbuliwa kiasi gani, sipati jibu bora zaidi: tunayasoma, ila hatuyaelewi.

Meroe ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa kale wa Kushi, huko Sudan, kaskazini ya Khartoum, upande wa mashariki wa Nile. Kwa karne nyingi Wakushi waliandika Kimisri. Kisha, yapata miaka 2,200 iliyopita, wakaanza kuandika lugha yao wenyewe kwa alama 23 tu. Alama hizo zina sura mbili: ya picha, iliyowekwa kwa mahekalu na wafalme, na ya mkato, ambayo ndiyo tunayoikuta kwenye mawe mengi. Maneno waliyatenga kwa nukta zilizopangwa wima.

Sauti za alama hizo alizitambua Mwingereza Francis Llewellyn Griffith, kati ya 1909 na 1911. Ufunguo wake ulikuwa majina. Kuna jiwe kutoka Wad ban Naqa, sasa liko Berlin, lenye majina ya mfalme Natakamani na malkia Amanitore kwa Kimisri na kwa Kimeroe. Kimisri kilikwishasomeka, basi akalinganisha alama kwa alama, akaendelea hivyo kwa majina ya miungu na ya miji. Lakini jina hukupa sauti tu, halikupi sarufi.

Tazama cheo kimoja tu. Katika Matendo ya Mitume 8:27 yumo towashi wa Kandake, malkia wa Kushi. Kwenye mawe cheo hicho huandikwa k-d-k-e. Kila konsonanti hubeba *a* ndani yake mpaka iandikiwe irabu nyingine, kwa hiyo unapata ka-da-ke. N iko wapi? Haikuandikwa. Wakushi hawakuandika n iliyotangulia konsonanti nyingine.

Mtu wa pwani asishangae. Wazee wetu walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mara nyingi *dāl* moja ilibeba d na nd, na *bā* moja ikabeba b, p na mb. Msomaji aliitia n mwenyewe, kwa kuwa lugha alikuwa nayo kinywani. Sisi kwa Kimeroe hatuna hicho kinywa. Mbele ya neno tusilolijua, hatujui kama pana n iliyofichwa au hapana.

Tunachokijua vizuri zaidi ni maandishi ya makaburini, kwa sababu yanafuata mtindo mmoja. Kwanza huitwa miungu Isis na Osiris, kisha jina la marehemu, la mama yake, la baba yake, ndugu zake wenye vyeo, na mwisho dua: *ato mhe*, maji mengi, *at mhe*, mkate mwingi. Nimesoma mawe mengi ya namna hii na bado dua hiyo hunigusa, maana ni watu wa jangwani wakimwombea mtu wao asikose maji. Zaidi ya hapo tunajua *qore* ni mfalme, *kdi* ni mwanamke, na maneno mengine machache.

Mfaransa Claude Rilly ameonyesha kwamba Kimeroe kina ndugu: lugha za Kinubi, Kinara cha Eritrea, Kinyima cha milima ya Nuba na Kitama cha mpakani mwa Sudan na Chad. Njia hii naiamini. Mwenye kujua *amazzi* ya Kiganda na *amanzi* ya Kizulu angeweza kuikisia *maji* yetu hata kama Kiswahili kingekuwa kimekufa. Tatizo ni kwamba ndugu wa Kimeroe ni wa mbali kuliko hao, na baadhi yao hadi leo hawajaandikiwa kamusi ya kutosha.

Nisichokiamini ni kuokota maneno yanayofanana. Nimeshaandikiwa mara kadhaa kwamba "Amani" katika jina la malkia Amanirenas ni amani yetu. Siyo. Huyo ni mungu Amun, Wakushi walimwita Amani; amani yetu imetoka Kiarabu.

Amanirenas mwenyewe ndiye anayenikosesha usingizi. Vita vya Kushi na Roma, miaka ya 20 kabla ya Kristo, tunavijua kupitia mwanajiografia Strabo, aliyeandika kwa Kigiriki akiegemea upande wa Roma, na aliyemtaja Kandake mwenye jicho moja, anayedhaniwa kuwa ndiye huyu. Mwaka 1910 mwanaakiolojia John Garstang alifukua Meroe kichwa cha shaba cha Kaisari Augusto, kilichokuwa kimezikwa mlangoni, chini ya nyayo za wapitao. Miaka minne baadaye, Hamadab, karibu na hapo, akapata jiwe kubwa lililojaa maandishi, sasa liko Makumbusho ya Uingereza. Wengi tunadhani linasimulia vita hivyo kwa kauli ya Wakushi. Jina la Amanirenas limo, na vyeo vyake, *qore* na *kdke*. Limo pia la mwanamfalme Akinidad. Mistari iliyobaki naweza kukusomea yote kwa sauti, mpaka chini.