Je, wajua kwa nini bibi harusi wa Kixhosa hachagui mavazi yake peke yake?

Mtu anayetazama picha za harusi ya Waxhosa kwa mara ya kwanza huweza kumwona bibi harusi yuleyule katika mavazi ya aina tatu kwa muda wa siku mbili: gauni jeupe la kanisani, kisha sketi pana ya rangi ya maziwa iliyozungushiwa tepe nyeusi, na mwishoni, jambo linalowashangaza wengi, gauni refu la kitambaa cha buluu chenye nakshi ndogondogo, kilemba cheusi kilichoshuka hadi karibu na nyusi, na shali mabegani, utadhani ni mama wa makamo anayejiandaa kwenda shambani. Aina ya kwanza anaweza kuichagua apendavyo. Mbili zinazofuata zina wenyewe, kwa sababu hazikusudiwi kuonyesha uzuri wake tu: zinatangaza amefika wapi katika safari ya kutoka nyumba aliyozaliwa hadi nyumba ya wakwe, na kila nyumba ina haki ya kusema neno katika tangazo hilo.

Ili jambo hili lieleweke, inafaa kukumbuka kwamba ndoa ya Kixhosa, katika vijiji na miji ya jimbo la Rasi ya Mashariki nchini Afrika Kusini, haikamiliki kwa tukio moja. Kwanza wazee wa pande mbili hukaa kuzungumzia lobola, yaani mahari, ambayo huhesabiwa kwa ng'ombe hata pale inapolipwa kwa fedha. Huenda ikafuata harusi ya kanisani, lakini mila hudai kwamba msichana afikishwe nyumbani kwa mume, achinjiwe mbuzi au kondoo, kisha alishwe nyama na maziwa ya mgando ya nyumba hiyo, tendo linaloitwa ukutyiswa amasi. Kabla ya hapo hana haki ya kugusa maziwa ya boma la wakwe. Baada ya hapo ni wa kwao, hupewa jina jipya, mara nyingi lenye kuanza na No-, na wanawake wa nyumba ile humvika upya. Nelson Mandela na Winnie Madikizela walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1958 huko Bizana, kwao bibi harusi, wakati Mandela akiwa chini ya amri ya serikali iliyomzuia kutoka Johannesburg. Alipewa ruhusa ya siku sita tu, hivyo sehemu ya pili, iliyopaswa kufanyika nyumbani kwa ukoo wake, haikufanyika, na sehemu ya keki iliyotengwa kwa ajili ya huko ikabaki imehifadhiwa.

Kipindi ambacho mke mpya, anayeitwa umakoti, huvaa mavazi ya heshima na kuhudumia nyumba ya wakwe huitwa ukuhota. Gauni lake lazima lipite magoti, na katika familia nyingi lifike karibu na vifundo vya miguu; mikono isiwe mifupi; nywele zisionekane kabisa chini ya iqhiya, yaani kilemba; na mabega yafunikwe kwa ityali, shali nzito ambayo hufungwa kwa pini kubwa mbele ya kifua. Wengine huongeza kitambaa au taulo kiunoni. Wageni huona hapa ukali usio na sababu, ilhali mavazi haya ni tawi moja la adabu pana inayoitwa ukuhlonipha. Adabu hiyohiyo humkataza umakoti kutamka silabi zilizomo katika jina la baba mkwe, hata zinapotokea ndani ya maneno ya kawaida kabisa, kiasi kwamba hulazimika kutumia maneno mbadala. Na humkataza kukatiza inkundla, ule uwanja ulio kati ya nyumba na zizi la ng'ombe, ambapo wazee wa ukoo huaminika kuwa karibu. Anayezunguka nyuma ya nyumba ili asipite uwanjani, na anayepindisha maneno ili asitaje jina, ndiye huyohuyo anayefunika kichwa na mabega.

Kwa hiyo nguo za ukuhota hazinunuliwi kwa kukisia. Mama mkwe, mawifi na shangazi wa bwana harusi ndio wanaojua nyumba yao inataka nini, na mara nyingi ndio wanaozitoa. Bibi harusi mwenye busara humtuma shangazi yake aulize mapema, kwa sababu hakuna aibu inayokumbukwa muda mrefu kama ile ya umakoti kufika na gauni zuri lililoshonwa kwa gharama, kisha likawekwa kando mbele ya watu. Ni kweli kwamba siku hizi wanawake wengi wenye kazi mijini huvaa hivyo kwa siku chache tu, au kila wanapotembelea ukweni, na wapo wanaosema waziwazi kwamba mzigo huu umeegemea upande mmoja. Sioni kwamba wamekosea. Bwana harusi hafanyiwi mtihani wa aina hiyo ukweni kwake.

Kitambaa cha gauni hilo la buluu kina hadithi yake. Waxhosa hukiita ujamani, kwa sababu ya Wajerumani: walowezi wa Kijerumani waliofika Rasi ya Mashariki kati ya mwaka 1857 na 1859 walikivaa, na wanawake Waafrika waliokuwa wameingia Ukristo wakakipenda. Kwingineko nchini huitwa shweshwe, jina linalohusishwa na Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza wa Basotho. Kwa miongo mingi kilichapwa Ulaya. Kiwanda cha Da Gama Textiles, kilichopo Zwelitsha karibu na mji uliokuwa ukiitwa King William's Town na sasa Qonce, kilianza kukitengeneza mwaka 1982, na mwaka 1992 kikanunua haki za chapa ya Three Cats pamoja na roli za shaba zilizokuwa zikitumika Uingereza. Nakshi zake hazipakwi rangi juu ya kitambaa. Kitambaa huchovywa rangi kwanza, ndipo roli hupitisha dawa ya asidi inayoifuta rangi hiyo mahali panapotakiwa kuwa peupe.

Namna ya kukitambua kile halisi wanunuzi wazoefu wanaijua kwa mikono, pua na ulimi. Kikiwa kipya ni kigumu kama karatasi nene kwa sababu ya wanga, desturi iliyobaki tangu zama ambazo wanga ulikilinda dhidi ya unyevu wa safari ndefu ya baharini. Kina harufu yake ya pekee. Na wapo akina mama wanaogusa pembe ya kitambaa kwa ncha ya ulimi ili wasikie ile ladha ya chumvi kabla ya kutoa fedha. Upana wake wa kawaida ni sentimita 90 hivi, mgongoni mwake huwa na mhuri wa chapa, na ni lazima kifuliwe kabla ya kukatwa, kwa kuwa hunywea kikiguswa na maji. Fundi anayekata gauni la ukuhota bila kukifua kwanza atamrudishia mteja gauni lililopanda juu ya magoti baada ya kufuliwa mara ya kwanza, na kwa umakoti hilo ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana.

Vazi la sherehe yenyewe, lile la rangi ya maziwa na tepe nyeusi, ni umbhaco. Wengi hulidhani ni la kale sana, na kwa namna fulani ni la kale, lakini si kama lilivyo leo. Kabla ya biashara na Wazungu, Waxhosa walivaa ngozi za ng'ombe na za wanyama wa porini zilizolainishwa kwa mafuta. Mwaka 1824 serikali ya koloni ilianzisha magulio rasmi huko Fort Willshire, kando ya mto Keiskamma, ambako shanga, vifungo na nguo vilibadilishwa kwa pembe za ndovu na ngozi. Kisha likaja janga la miaka ya 1856 na 1857, pale watu walipochinja ng'ombe wao kwa kuamini unabii wa msichana Nongqawuse, njaa ikaua maelfu, na ngozi iliyokuwa msingi wa mavazi ikawa adimu. Pamba nzito isiyopaushwa kutoka viwanda vya Uingereza ikashika nafasi. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatashangaa sana, maana merikani nayo ilitoka Marekani ikaishia kuwa nguo yetu.

Lakini Waxhosa hawakuivaa pamba hiyo kama ilivyotoka dukani. Wanawake waliisugua kwa ngeu, ule udongo mwekundu ambao wao huuita imbola, hadi ikawa na rangi ya chungwa au ya matofali, na ukolezo wake ulitofautiana kati ya eneo na eneo. Wampondo wa upande wa mashariki walijulikana zaidi kwa nyeupe na samawati hafifu. Wekundu huo ukaja kuwagawa watu: waliojipaka udongo na kushika mila waliitwa amaqaba, na wafuasi wa kanisa na shule wakaitwa amagqobhoka, ambao kwao ujamani ndio ulikuwa vazi la staha. Bibi harusi wa leo huvaa vazi la pande zote mbili katika sherehe moja, umbhaco mchana na ujamani jioni, jambo ambalo bibi wa bibi yake huenda lisingemwingia akilini.

Sasa, anayenunua umbhaco aangalie nini? Kwanza pindo. Uzuri wa sketi, ambayo huitwa isikhakha, umo katika mistari ya tepe nyeusi iliyoshonwa sambamba kuzunguka sehemu ya chini, mmoja baada ya mwingine, kwa nafasi iliyo sawa. Sketi ya bei nafuu huwa na mistari michache iliyobandikwa kwa mshono mmoja wa katikati, na tepe huanza kujikunja kingo baada ya kufuliwa. Sketi iliyoshonwa vema tepe yake imeshikwa kingo zote mbili, na ukiigeuza ndani unaona nyuzi zimenyooka. Mistari mingi si pambo tu. Huongeza uzito, hivyo sketi huyumba vizuri wakati wa kucheza umxhentso, ngoma ambayo miguu hukanyaga chini kwa kishindo na mwili wa juu hutetemeka. Fundi wengine huongeza vifungo vya rangi ya lulu. Kifuani huvaliwa incebetha, kitambaa kidogo kilichotiwa tepe au shanga kama za sketi, na mbele ya sketi hufungwa aproni ya kitambaa hichohicho.

Kilemba cha umbhaco si kile cheusi cha ukuhota. Hiki husimama juu, na kwa kawaida, kadiri mwanamke anavyozidi umri na hadhi, ndivyo kinavyokuwa kikubwa, pengine kikiunganishwa kwa vitambaa viwili au vitatu vya rangi tofauti. Ndiyo maana msichana wa miaka 25 anayejifungia kilemba kikubwa kuliko cha mama mkwe wake kwa sababu amekiona kwenye picha ya matangazo huchekwa pembeni. Vilemba vilivyoshonwa tayari, vya kuvaa kama kofia, vinarahisisha kazi siku ya harusi, ila wazee huvitambua mara moja kwa namna visivyokaza nyuma ya kichwa.

Kwenye shanga bibi harusi ana nafasi kubwa zaidi ya kuchagua, na ningemshauri aweke sehemu kubwa ya fedha zake hapo. Ingqosha, kidani kipana kinachofunika mabega na sehemu ya kifua, ndicho kinachoonekana kwanza. Ithumbu, kamba nene ya mviringo iliyosukwa kwa shanga, huning'inia chini yake. Kisha bangili na mishipi ya miguuni, na mkoba wa shanga begani. Nyeupe hutawala, kwa kuwa inahusishwa na usafi na wazee waliotangulia; waganga, amagqirha, nao huvaa shanga nyeupe, hivyo si vizuri kuiga mtindo wao bila kujua. Shanga za kioo zina uzito na ubaridi shingoni, na rangi yake haichujuki. Za plastiki ni nyepesi na hukwaruzika. Kidani kilichotungwa kwa uzi dhaifu kikikatika katikati ya umxhentso, hakuna wa kuokota shanga zote.

Watu wa ukoo wa bwana harusi wanaweza pia kutaka rangi zao. Bibi harusi wa Kimpondo anayeolewa na mwanamume wa Wathembu, au anayetoka kabila jingine kabisa, kwa kawaida huvaa rangi za kwao siku sherehe inapofanyika kwao, na za wakwe anapofikishwa kwao. Rangi za kisasa, kama umbhaco wa kijani au wa zambarau wenye tepe nyeupe, zinakubalika katika sherehe nyingi za mjini, na wabunifu kama Laduma Ngxokolo wa mji wa Gqeberha, aliyeanza mwaka 2010 kwa kufuma sweta zenye michoro ya shanga za Kixhosa kwa vijana waliotoka jandoni, wamewafanya vijana waone fahari katika michoro hiyo nje ya sherehe. Anayetaka umbhaco wa rangi ya pekee hana budi kumweleza mama mkwe kabla fundi hajakata kitambaa, na kumwachia yeye uamuzi wa gauni la ujamani na urefu wake.