Bangili za nyanya na maneno ya watu

Nyanya yetu wa Mumias aliacha bangili mbili za dhahabu. Upande mmoja zimelika zikawa nyembamba kama ukucha, kwa miaka yote zilipogongana mkononi mwake akifua na kusonga ugali. Wajukuu wa kike ni watatu. Tulipotaka kuzipeleka kwa sonara hapa Kisumu zifuliwe upya, kila mtu alikuwa na neno, na mengi hayakuwa kweli.

Lililotuuma zaidi ni hili: "Mkiziyeyusha, mmemzika mara ya pili." Kwanza, si lazima kuyeyusha. Bangili hukatwa kipande kikawa kidani, pete hupanuliwa, kito hung'olewa kikapachikwa kwingine. Sisi tulikata ule upande uliolika, kila mmoja akapata kipande cha kutia kwenye mkufu. Sonara alishashika msasa aving'arishe, tukamshika mkono. Sehemu iliyobaki ndiyo iliyoingia motoni ikatoka pete tatu. Na hata hiyo haikupotea: dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za selsiasi, ikipoa ni dhahabu ileile.

Ileile, ila kama sonara hakuibadilisha. Wengi huamini kwamba ukipeleka dhahabu yako, ndiyo utakayorudishiwa. Mara nyingi sonara huipima, huihesabu thamani, kisha hukufulia pete kwa dhahabu nyingine aliyo nayo. Si wizi mkiwa mmekubaliana, lakini kwa mtu anayetaka dhahabu iliyogusa ngozi ya mama yake, hapo pana tofauti kubwa sana. Sema mapema kwamba yako iyeyushwe peke yake. Ipimwe mbele yako, gramu ziandikwe kwenye risiti, na uombe kushuhudia. Uzito ukipungua kidogo usigombane na mtu, maana tupa na msasa hula. Tena pambo la zamani huwa limelehemiwa hapa na pale, na lihamu, yaani madini ya kuungia, huwa na karati (kipimo cha usafi wa dhahabu, 24 ikiwa safi kabisa) ya chini kuliko pambo lenyewe. Yote yakiyeyushwa pamoja, karati hushuka na dhahabu inaweza kupasuka ikifuliwa. Fundi anayejua kazi hukata kwanza penye lihamu, au huisafisha dhahabu, au hukushauri uongeze mpya kidogo.

"Haina muhuri, ni bandia." Muhuri wa 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 375 ni karati 9. Lakini mapambo mengi yaliyofuliwa kwa mkono zamani hayakupigwa muhuri wowote, na muhuri wa uongo unaweza kupigwa hata juu ya shaba. Kuuma kwa meno nako hakupimi kitu: risasi ni laini kuliko dhahabu. Sonara husugua pambo kwenye jiwe jeusi, akadondoshea asidi ule mstari na kuulinganisha na mwingine wa karati anayoijua. Bangili zetu hazikuwa na alama hata moja, na zilikuwa karati 22.

Usilazimishe karati 24 kwa pete yenye kito. Ni laini mno, kito kitadondoka. Wala usiamini kwamba jiwe la thamani halidhuriki na moto. Lulu huharibika, zumaridi hupasuka, na almasi yenyewe huweza kuungua juujuu ikawa na ukungu. Vito ving'olewe kabla ya kulehemu.

La mwisho huvunja familia: "Mimi ndiye mkubwa, basi vya mama ni vyangu." Pambo ni mirathi kama shamba lilivyo mirathi. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinakataza kuchukua au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Kwa sisi Waislamu mgao hufuata sharia, na mkishindwana kuna Mahakama ya Kadhi. Bangili zile zilikuwa haki ya baba na shangazi zetu, si yetu. Ilibidi twende Mumias, tukae nao mkekani, tuombe. Shangazi mkubwa alizishika muda mrefu akipitisha kidole pale palipolika. Kisha akatukabidhi kwa sharti moja, kwamba pale pasiguswe na msasa.