Njia ya pili ya kutokea ni nini, na shata za umeme zinaingiaje hapo

Shemeji yangu anamalizia nyumba Isyesye hapa Mbeya, kashapaua, kashapiga lipu, sasa kafika kwenye madirisha, juzi akanitumia video ya zile shata za umeme, unabonyeza rimoti zinashuka zenyewe mpaka chini chumba kinakuwa giza tii. Anasema zitamkinga na baridi ya mwezi wa sita na wezi kwa mpigo mmoja. Nikamuuliza, moto ukiwaka sebuleni saa nane usiku unatokea wapi? Mlangoni, akanijibu. Mlango upi sasa, wakati korido yote inaanzia hapohapo sebuleni.

Ndo hapo inapokuja hii kitu inaitwa njia ya pili ya kutokea. Ya kwanza ni ile unayopita kila siku, mlango wa chumba, korido, sebule, nje. Ya pili ni ile utakayopita kama ya kwanza imejaa moshi, kwaiyo isiitegemee ya kwanza hata kidogo. Wengi wanahesabu mlango wa jikoni, lakini kama kuufikia unapita korido ileile basi kwa mtu aliyelala chumbani hiyo bado ni njia moja, ina midomo miwili tu. Kwa nyumba zetu hizi za kawaida njia ya pili ya chumba cha kulala ni dirisha, hamna nyingine.

Na siyo dirisha lolote. Ujerumani, ambako hizo shata zimejaa nyumba kibao, kanuni zao za ujenzi zinataka kila ghorofa wanaloishi watu liwe na njia mbili, na dirisha likihesabiwa kuwa mojawapo basi kwenye majimbo mengi uwazi wake usipungue sentimita 90 kwa 120, alafu ukingo wa chini usizidi sentimita 120 kutoka sakafuni. Uingereza wamelegeza kidogo, theluthi moja ya mita ya mraba hivi, 0.33, ila hakuna upande unaoruhusiwa kuwa chini ya sentimita 45. Angalia neno uwazi hapo. Haya madirisha yetu ya aluminiamu ya kusukuma, lenye upana wa sentimita 120 ukilifungua lote unapata kama 60 tu maana kioo kimoja kinakaa nyuma ya mwenzake, fundi atakwambia dirisha kubwa na kweli ni kubwa, kwa kuangalia nje.

Sasa shata. Ni vipande vya aluminiamu vilivyoshikana vinajiviringisha kwenye boksi juu ya dirisha, ndani ya ile bomba ya kuviringishia kuna mota. Mota ina breki, kwaiyo umeme ukikata shata inabaki pale ilipokuwa, kama ilikuwa chini inabaki chini, na kuinyanyua kwa mikono ni shughuli maana nyingi zimetengenezwa mwizi asiweze, na haijui kama anayeinyanyua ni mwizi au ni wewe. Na usifikirie LUKU kuisha tu au TANESCO kukata, moto wenyewe unaunguza nyaya, sakiti breka inaruka, nyumba nzima giza. Yaani dakika unayoihitaji ndo dakika inayogoma. Na majirani huko nje wanaona ukuta tu, hata aliyepiga 114 hawezi kuwaonyesha zimamoto kwamba chumba kile kina watu.

Dawa zipo. Kuna mota zinazokuja na mkono wa kuzungushia, unachomeka ndani unazungusha shata inapanda, umeme uwepo usiwepo. Kuna zenye betri. Kuna mifumo ambayo king'ora cha moshi kikilia shata zote zinapanda zenyewe, nzuri sana ila bei nayo. Mimi ningechukua wa kuzungusha, na ningeuacha umechomekwa hapohapo ukutani, siyo kwenye droo.

Wala tusiwacheke wenye shata, maana nondo zetu ni zilezile. Grili iliyochomelewa na kujengewa ukutani haina hata rimoti. Mwambie fundi wa kuchomelea akuwekee grili moja kila chumba yenye bawaba na komeo la ndani, kama ni kufuli basi ufunguo uning'inie karibu ambapo mtoto anafika ila mkono wa kutoka nje haufiki.

Baridi nayo tusiisahau, maana huku watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga kila kitu. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, inakukuta umelala, na hapo njia iwe ya pili iwe ya tano hutaiamkia. Chumba chenye shata chini na kioo kimefungwa ndo kabisa, jiko libaki nje.

Shemeji akarudi kwa muuzaji kuulizia huo mkono wa kuzungushia. Akaambiwa upo, ila unauzwa kivyake, na wateja wengi hawauchukui. Kaagiza minne, shata ya chumba cha watoto kaiondoa kabisa, kaweka pazia zito.