Mashabiki wa konsoli huinunulia kampuni muda, na muda huo huisha

Tarehe 9 Septemba 1999 kampuni ya Sega iliingiza sokoni nchini Marekani Dreamcast, konsoli yake, yaani mashine ya kuchezea gemu kwenye televisheni. Ndani ya saa 24 ziliuzwa konsoli zaidi ya 225,000, na ukijumlisha gemu na pedi zilizonunuliwa siku hiyo, pesa iliyoingia madukani ilikaribia dola milioni 100. Tarehe 31 Januari 2001, hata miezi 17 haijatimia, Sega hiyohiyo ikatangaza kwamba inaacha biashara ya konsoli. Haijarudi mpaka leo.

Kazi yangu ni kusoma hesabu za kampuni za gemu, na kila mara nakutana na mtu anayeniambia kwamba kampuni fulani haiwezi kuanguka kwa sababu ina mashabiki wa kufa na kupona. Huwa namtajia Dreamcast. Mashabiki walikuwepo, walipanga foleni, walilipa. Hadi leo wapo watu wanaoitengenezea mashine hiyo gemu mpya kwa mapenzi tu. Kampuni ilianguka mikononi mwao.

Kuelewa kilichotokea kunahitaji kujua pesa inapopatikana. Konsoli yenyewe aghalabu huuzwa kwa faida kiduchu au kwa hasara kabisa. Faida hutoka kwenye gemu: kila kampuni nyingine inapouza gemu kwenye mashine yako, unakata mgawo wako, na kwenye maduka ya mtandaoni mgawo huo umezoeleka kuwa asilimia 30. Lakini studio, yaani kampuni inayotengeneza gemu, haitengenezi gemu kwa ajili ya mashine ambayo watu hawana. Inaangalia kwanza mashine ngapi ziko majumbani, kisha ndipo inaamua. Na mnunuzi wa kawaida naye hanunui mashine isiyo na gemu. Kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Hapo ndipo shabiki kindakindaki anapoingia. Yeye hasubiri. Ananunua mwaka wa kwanza, kwa bei ya juu, gemu zikiwa bado chache, na ananunua gemu nyingi kuliko mtu mwingine yeyote atakayefuata. Pesa yake inailisha kampuni katika kipindi cha ukame, na idadi yake inazipa studio sababu ya kujaribu. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa: kununua muda mpaka umma uje. Umma usipokuja, muda huisha, na upendo wake wote haubadilishi hesabu.

Kwa nini umma haukuja kwa Dreamcast? PlayStation 2 ya Sony ilikuwa njiani, ikicheza na DVD, na watu wengi waliamua kuisubiri. Electronic Arts, iliyoshika gemu za michezo zenye mauzo makubwa Marekani, ilikataa kabisa kuitengenezea Dreamcast. Lakini mimi naamini jeraha kubwa zaidi lilikuwa la zamani. Katika miaka ya Mega Drive, konsoli yake ya awali, Sega ilikuwa na jeshi la vijana waaminifu. Ikawauzia Mega-CD, kifaa cha kuongezea kwenye mashine yao. Mwishoni mwa 1994 ikawauzia kifaa kingine, 32X, Novemba ileile ambayo Saturn, mashine mpya kabisa, ilikuwa ikizinduliwa Japani. Aliyenunua 32X kwa ajili ya Krismasi alikuwa amenunua kitu ambacho kampuni yenyewe ilikuwa imeshakipa mgongo. Gemu zake hazikuzidi sana 40.

Kisha Mei 1995, kwenye E3, maonyesho makubwa ya gemu nchini Marekani, Sega ikatangaza ghafla kwamba Saturn iko madukani Marekani siku hiyohiyo, miezi kadhaa kabla ya tarehe iliyojulikana, kwa dola 399. Maduka machache tu ndiyo yaliyopewa mzigo. Waliobaki nje walikasirika, na maduka ya KB Toys yakagoma kuiuza. Studio hazikuwa na gemu tayari. Siku hiyohiyo Steve Race wa Sony alipanda jukwaani, akataja bei ya PlayStation, “299”, akashuka.

Kwa hiyo Dreamcast ilipofika, mashine nzuri kweli, waliobaki upande wa Sega walikuwa wale wasioondoka hata wakipigwa. Hao walitosha kujaza siku moja ya Septemba. Safu ya pili, wale wanaompenda mtengenezaji lakini wanahesabu pesa yao, ilikuwa imeshaungua mara mbili au tatu. Dreamcast iliishia kuuzwa zaidi kidogo ya milioni 9 dunia nzima. Mwenyekiti Isao Okawa, aliyefariki Machi 2001, aliiachia kampuni mali yake yenye thamani ya karibu dola milioni 695 na kuifutia madeni, na ndiyo maana Sega bado ipo kama mtengenezaji wa gemu.

Aliyetangaza kifo cha Dreamcast kwa upande wa Marekani alikuwa Peter Moore, mkuu wa Sega nchini humo. Wapenzi wa soka watamkumbuka kama mtendaji mkuu wa Liverpool kuanzia 2017 hadi 2020. Katikati ya kazi hizo mbili alikuwa Microsoft, na kule alikutana na mtihani wa aina ileile. Konsoli zake za Xbox 360 zilikuwa zikifa kwa wingi, taa nyekundu zikiwaka kuzunguka kitufe cha kuwashia. Julai 2007 Microsoft iliongeza waranti ya tatizo hilo hadi miaka mitatu na kutenga kati ya dola bilioni 1.05 na 1.15 kwa ajili ya matengenezo. Moore amesimulia hadharani jinsi alivyomwendea Steve Ballmer, mtendaji mkuu wa Microsoft, na kiasi hicho, na Ballmer akakubali bila kuzunguka. Xbox 360 ilikwenda kuuzwa zaidi ya milioni 80. Kwenye hesabu za mwaka ule ile bilioni ilionekana kama hasara tupu. Kwangu ilikuwa bei ya kubaki na watu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, ni wa Nintendo. Februari 2011 walizindua 3DS, mashine ya kushika mkononi, Japani kwa yeni 25,000. Mauzo yakalegea. Agosti mwaka huohuo wakashusha bei hadi yeni 15,000, na Marekani kutoka dola 250 hadi 170. Fikiria aliyenunua wiki ya kwanza: ule uaminifu wake umemgharimu yeni 10,000 ambazo jirani aliyesubiri amebaki nazo mfukoni. Hilo ndilo kosa linalomfundisha shabiki asinunue mapema tena, na shabiki asiyenunua mapema hana msaada kwa kampuni.

Nintendo iliwapa cheo cha mabalozi. Kila aliyekuwa ameingia na mashine yake kwenye duka la mtandaoni la Nintendo kabla ya bei kushuka alipata gemu 20 bure: 10 za enzi za NES, konsoli yao ya miaka ya 1980, zikiwemo Super Mario Bros. na The Legend of Zelda, na 10 za Game Boy Advance, mashine yao ya zamani ya mkononi, zikiwemo Metroid Fusion na Mario Kart: Super Circuit. Zile za Game Boy Advance hazikuwahi kuuzwa kwa mwenye 3DS mwingine yeyote. Ukizikuta kwenye mashine, unajua mwenyewe alikuwepo tangu mwanzo. Rais wa kampuni, Satoru Iwata, alijikata nusu ya mshahara. Kunakili gemu za zamani kwenye mashine hakukuigharimu Nintendo pesa nyingi, lakini waliomba radhi kwa kitu ambacho shabiki anakithamini. 3DS ilimaliza safari yake ikiwa imeuzwa karibu milioni 76.

Waliuhitaji uaminifu ule upesi. Nintendo ilipata hasara ya uendeshaji miaka mitatu ya fedha mfululizo, hadi Machi 2014, na konsoli yao ya Wii U ya 2012 iliishia kwenye milioni 13.56 tu. Lakini angalia waliokuwa ndani: Mario Kart 8 iliuza nakala milioni 8.46 kwenye mashine hiyo, yaani takriban wamiliki sita kati ya kumi waliinunua. Akiba kubwa ya fedha benki na 3DS vilibeba mzigo mzito zaidi, sitaki kuwapa mashabiki sifa isiyo yao. Hata hivyo watu hao wachache walizifanya studio za ndani ziendelee kutoa kazi bora, na Switch, konsoli iliyofuata, ilipokuja Machi 2017 kazi hizo zilihamishiwa kule. Mario Kart 8 ileile, ikiwa imeboreshwa, imepita nakala milioni 60.

Huku kwetu uaminifu uliomea kwa namna nyingine. Vibanda vya gemu vya Dar es Salaam na Mombasa vililea kizazi kizima kwenye PlayStation 2, mtoto analipia mechi moja ya mpira na anashika pedi ileile iliyochakaa. Mapenzi yale yalikuwa makubwa, lakini CD nyingi zilikuwa za kunakili, na Sony haikuona shilingi kwenye gemu zile. Kwenye hesabu za kampuni, shabiki asiyeweza kufika dukani kwake haonekani kabisa.

Tangu 2013 kuna jambo limebadilika. Mei mwaka huo Microsoft ilitangaza Xbox One ikiwa na masharti ya kuunganishwa na intaneti walau mara moja kila saa 24 na vizuizi kwa gemu za mitumba. Waliopiga kelele kwanza walikuwa mashabiki wake yenyewe. Sony ilijibu kwa kuuza PlayStation 4 dola 399 dhidi ya 499 za Xbox One. Microsoft ilifuta masharti yale tarehe 19 Juni, mashine ikiwa haijafika hata sokoni, lakini wengi walikuwa wameshahama. Katika nyaraka zilizowasilishwa kwa wadhibiti wa Brazil mwaka 2022, Microsoft yenyewe ilikiri kwamba Sony iliuza zaidi ya maradufu katika kizazi kile.

Na kile ndicho kizazi ambacho watu walianza kujenga maktaba za gemu za kidijitali. Phil Spencer, aliyekuwa mkuu wa Xbox, alilisema waziwazi mwaka 2023: kilikuwa kizazi kibaya kuliko vyote kukipoteza. Shabiki wa Simba hahamii Yanga kwa sababu jezi imepanda bei. Shabiki wa konsoli alikuwa akihama. Sasa gemu zake mia zilizofungwa kwenye akaunti moja zinamshika. Hilo linanipa wasiwasi, kwa sababu mtu aliyefungwa na mtu anayependa wanaonekana sawa kwenye takwimu za mauzo, mpaka siku mlango unapofunguka.

Switch 2 ilipotoka Juni 2025, Nintendo iliuza zaidi ya milioni 3.5 ndani ya siku nne. Japani, ili kuingia kwenye bahati nasibu ya kuiagiza katika duka lao la mtandaoni, ulitakiwa uwe umecheza Switch walau saa 50 na umelipia huduma yao ya mtandaoni kwa jumla ya mwaka mmoja. Walanguzi wakakwama, mashabiki wakatangulia. Nilifurahi kuona hivyo. Lakini Mario Kart World inauzwa dola 80 Marekani, bei ambayo mashabiki haohao wameilalamikia sana. Mauzo ya wiki ya kwanza hayawezi kuniambia malalamiko yale yana uzito gani. Nitasubiri hesabu za mwaka wa tatu, niangalie kila mwenye mashine ananunua gemu ngapi.