Siku 21, nusu ya ubongo na hekaya nyingine za ubunifu

Kila Januari kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: fanya jambo siku 21 mfululizo, litakuwa tabia. Mwaka juzi niliufuata. Nilitaka kuandika mawazo matatu ya kazi kila asubuhi kabla ya kushika simu. Siku ya tisa mtoto alishikwa na homa, usiku tukakesha, asubuhi sikuandika kitu. Nikasema basi, hesabu imeharibika, nitaanza upya tarehe mosi. Tarehe mosi ya mwezi gani, sikusema.

Hesabu hiyo ina asili yake. Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyekuwa akirekebisha sura za watu kwa upasuaji, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Kuzoea pua mpya si sawa na kujijengea desturi ya kuandika, na lile neno "angalau" lilidondoka njiani. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliifuatilia tabia yenyewe: watu 96, wiki 12, kila mmoja na jambo dogo alilolichagua, kama kula tunda mchana au kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba mtu wa katikati alihitaji kama siku 66 mpaka jambo lifanyike bila kujisukuma. Kwa makadirio yao, waliowahi walihitaji siku 18, waliochelewa 254. Na hili ndilo ningependa lizunguke kwenye makundi: kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Homa ya mtoto haikuvunja tabia yangu. Niliivunja mwenyewe siku ya kumi.

"Mimi si mbunifu, mimi ni mtu wa hesabu"

Wanaosema hivi huongeza kwamba ubongo wao umelalia kushoto, na wasanii wamelalia kulia. Ni kweli kwamba pande mbili za ubongo hazigawani kazi sawasawa. Roger Sperry, mtafiti wa ubongo wa Marekani, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981 kwa kuchunguza jambo hilo, na kwa watu wengi lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipitia picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000 na hawakuona mtu wa kushoto wala mtu wa kulia. Mhasibu anayetafuta namna ya kulipa mishahara mwezi ambao wateja hawajalipa anabuni, hata kama hakuna atakayempigia makofi.

"Wazo zuri huja lenyewe ukipata nafasi na vifaa"

Hii ndiyo inayotuchelewesha wengi, kwa sababu inafanana na subira. Shaaban Robert hakuwa na nafasi hiyo. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akianzia idara ya forodha, na mashairi, riwaya na insha zake vilipata wakati pembeni ya mafaili. Edward Saidi Tingatinga naye hakuwa na vifaa vya mchoraji. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya bodi za ujenzi na rangi ya kung'aa ya kupaka baiskeli. Sidhani kama mtindo wake ungekuwa vile angepewa turubai na rangi za mafuta. Rangi ile inataka umbo lililokatwa wazi na uso mpana, na ndivyo wanyama wake walivyo. Ufukara si shule, nisieleweke vibaya, ila orodha ya "nikipata kompyuta mpya nitaanza" ifikirieni tena.

Kuna kitu kimoja cha bure ambacho kweli huamsha mawazo, nacho ni kutembea. Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2014 majaribio ambamo watu walitakiwa kutaja matumizi mapya ya vitu vya kawaida, wakiwa wamekaa au wakitembea. Wakitembea, mawazo mapya yaliongezeka kwa takriban asilimia 60, hata pale walipotembea kwenye mashine ndani ya chumba huku wakitazama ukuta. Lakini kwa maswali yenye jibu moja tu sahihi, kutembea hakukuwasaidia. Kwa hiyo mimi hushuka daladala kituo kimoja kabla ya kwangu nikiwa na swali moja tu kichwani, na nikifika huandika kilichopatikana hata kama ni upuuzi. Kazi ya kuchagua na kupiga hesabu naiacha hadi nikae mezani.

"Andika lengo, libandike ukutani, lione kila siku"

Huwezi kumaliza semina ya uhamasishaji bila kusimuliwa habari za wahitimu wa Yale wa mwaka 1953: asilimia 3 waliandika malengo yao, na miaka 20 baadaye wakawa na mali kuliko wale asilimia 97 wote kwa pamoja. Utafiti huo haukuwahi kufanyika. Ni hadithi, na sisi tumeilipia kiingilio.

Kulitazama lengo kwa furaha kuna hatari yake pia. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa Kijerumani, aliwafuatilia wanawake waliokuwa wakijaribu kupunguza uzito, na waliojipamba kwa ndoto za ushindi walipungua kidogo kuliko wenzao. Ndoto ilishawapa starehe kabla ya kazi. Ushauri wake ni kuweka kikwazo kando ya ndoto: nataka hiki, na kitakachonizuia ni hiki.

Mwenzake Peter Gollwitzer anamalizia sentensi: jambo fulani likitokea, nitafanya hivi. Sisi kazi hiyo tunayo ndani ya kitenzi, katika "-ki-" na "-po-". "Nitasoma zaidi mwaka huu" haina mahali pa kushika. "Nikishamaliza chai ya jioni, nitafungua ukurasa nilipoishia" inayo saa, mahali na tendo. Mwaka 2006 Gollwitzer na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya mipango ya namna hii, wakakuta inasaidia kwa kiasi kisichopuuzwa. Eliud Kipchoge, kabla na baada ya kukimbia marathoni kwa saa 1:59:40 jijini Vienna mwaka 2019, amekuwa na desturi ya kuandika mazoezi ya siku kwenye daftari. Mazoezi yakiisha, daftari linafunguliwa.

"Vichwa vingi pamoja hutoa mawazo mengi"

Kubungua bongo, yaani kukaa kundi na kutaja mawazo kwa sauti, kulienezwa na Alex Osborn, mtu wa matangazo wa Marekani, na ofisi nyingi bado zinaiamini njia hiyo. Watafiti wa Yale, hawa wa kweli, walilinganisha mwaka 1958 makundi ya watu wanne na watu wanne waliofikiri kila mtu peke yake. Waliokuwa peke yao, mawazo yao yalipounganishwa, walitoa mengi zaidi. Anayejua vikao vyetu hatashangaa. Mmoja anaongea, wengine wanangoja zamu na kusahau walichotaka kusema, na mkubwa akishataja wazo lake, yaliyobaki ni kuliunga mkono.

Kikao hakina haja ya kufutwa. Gawa karatasi, kila mtu aandike kimya kwa dakika kumi, kisha zisomwe moja baada ya nyingine, kuanzia aliyeajiriwa juzi. Ya bosi iwe ya mwisho.